Dawa ya Kuvuta Watu

Diploma inayoning'inia ofisini kwangu imegongwa neno NAKALA kwa wino wa zambarau, chini pembeni, na wageni wenye macho makali hawachelewi kuliona. Huuliza kwa adabu kama ile ya kwanza ilipotea. Huwajibu kwamba iliungua. Hapo hudhani nyumba yangu ilishika moto, hunipa pole, nasi tunaendelea na kilichowaleta. Sijasema uongo, ila sijasema yote, na anayenifahamu atashangaa kusikia kuna jambo ambalo mimi sijalisema lote. Sifa zangu nazijua. Nimejijenga mwenyewe, kutoka sanduku moja la bati hadi maduka ambayo watu husubiri nje kabla hayajafunguliwa, na sioni sababu ya kunong'ona kuhusu hilo. Vijana wengi wamepita mikononi mwangu wakijifunza namna ya kuvuta wateja kwa gharama ndogo. Huwafundisha kila kitu isipokuwa mahali nilipojifunzia mimi, kwa sababu nikikaribia kupataja hubadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita simu ililia na sauti ya mwanamke ikaniita jina ambalo nilidhani hakuna aliyebaki wa kuniita.

"Dipuloma," ilisema. "Ni Holo. Mama ametutoka."

Nilikaa kitako sakafuni, mimi na suti yangu. Holo ni mtoto pekee wa marehemu, na ni rika langu. Nikamuuliza mazishi ni lini, akaniambia. Kisha nikamuuliza swali ambalo nililionea haya hata kabla halijatoka: je, watu wa pale wamesahau? Nikasikia kuku wakilia nyuma yake. "Wengi wameshakufa," akasema. "Wewe njoo. Ila jitahidi ufike mchana."

Duka la Mama Holo lilikuwa katika kijiji kipya, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Kharumwa, upande wa Geita, mwaka uliofuata ule ambao watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na diploma ya biashara, nikingoja barua ya ajira ambayo haikuja. Mama Holo alikuwa mjane, Holo ameshaolewa kijiji cha pili, naye alitaka mtu wa kumsomea maandishi ya kwenye makatoni. Akanipa chumba cha nyuma. Kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche, kwa sababu ukuta wake mmoja ulikuwa stoo, na nilipolala kichwa changu kiligusa gunia la chumvi. Diploma yangu niliiweka ndani ya sanduku la bati, nimeifunga kwenye kanga, na kila alipokuja mgeni nilipata sababu ya kuitoa. Ilikuwa karatasi nene, na chini yake kulikuwa na lakiri, mhuri wa nta nyekundu, iliyobandikwa kama tone la damu lililoganda. Watu waliigusa lakiri ile kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyesoma maneno. Baada ya wiki mbili kijiji kizima kililisahau jina langu la Kabula na kuniita Dipuloma.

Jiko lilikuwa kibanda cha nyasi kisicho na dirisha, nyuma ya duka, na humo ndimo Mama Holo alimokuwa akikaanga maandazi tangu alfajiri. Kuni za kule mwaka ule zilikuwa mbichi, maana misitu ya karibu ilikatwa wakati wa kujenga nyumba za kuhamia. Moshi ulimjaa mpaka akawa anatoka nje anapapasa. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu mchana, mekundu kanisani. Asiyeijua nchi yetu anaweza kusoma sentensi hiyo akapita. Sisi hatupiti. Mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, watu wana neno lao juu yake: mchawi. Mwaka mmoja kabla sijafika, katika kijiji cha jirani, bibi mmoja wa namna hiyo alikutwa amekatwakatwa mlangoni mwa jiko lake, na hakuna aliyesema ameona kitu. Mama Holo alinisimulia habari hiyo tukila matobolwa, viazi vikavu vya kuchemshwa, na karanga, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniambia nimsogezee maji. Ndiyo maana kila akitoka jikoni alijifuta macho kwa upindo wa kitenge na kungoja kidogo kabla hajaingia dukani. Nilidhani anapumzika.

Lilikuwa duka la kufa. Watu walipita mbele yake wakitoka mashambani kwenda kwenye duka la kijiji, lililokuwa karibu na ofisi, na wachimbaji wachache waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, walinunua betri za tochi huko huko. Sisi tulikuwa mwisho wa mstari, nyumba ya mwisho. Basi nikamwambia Mama Holo maneno ambayo hadi leo nayaona ni ya kweli: mtu hanunui mahali ambapo hajawahi kusimama. Kwanza asimame. Tumpe sababu ya kusimama, na sababu hiyo isitugharimu.

"Nitampa nini mie?" akauliza. "Nicheze?"

"Utampa njiti moja ya kiberiti, mayu," nikasema, yaani mama.

Hayo yalikuwa mashindano yetu ya kwanza. Niliandika tangazo kwa mkaa kwenye kipande cha katoni, nikapiga debe kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Wanawake walipewa njiti moja tu kila mmoja, mafiga matatu, na kuni mbichi zile zile zilizokuwa zinatutesa, na mshindi ni yule ambaye maji yake yanachemka kwanza. Zawadi ilikuwa kipande cha sabuni. Nawaambia, walikuja hata waliokuwa hawasalimiani. Walitaniana mpaka machozi yakawatoka. "Wewe hata mumeo hukumwasha kwa njiti moja!" mmoja alimwambia mwenzake, na yule akajibu, "Wangu nilimwasha, tatizo hazimiki!" Mama Holo alicheka akashika nguzo ya baraza. Jumapili moja tukaweka redio juu ya kaunta, watu wakasikiliza mpira, na kila aliyeleta betri zake zilizochoka tulimwanikia juu ya bati zipate jua zirudi nguvu kidogo, naye akazingoja akinunua hiki na kile. Siku nyingine ilikuwa ya kusafisha chemni za taa bure kwa majivu na gazeti. Kufikia mwezi wa tano hakuna aliyepita tu mbele ya nyumba ya mwisho. Nilitembea kijijini kifua mbele. Sijui kutembea namna nyingine, lakini mwaka ule nilizidisha.

Mimi nilitaka kubwa zaidi. Mavuno yalikuwa yamekaribia, msimu wa ngoma, mbina kama tunavyoiita, na katika mbina zetu timu mbili hucheza wakati mmoja uwanja mmoja, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na hakuna refa. Refa ni watu. Wanaondoka hapa wanakwenda pale, na timu inayobaki na umati ndiyo imeshinda. Kila mchezaji wa kule anajua pia kwamba miguu peke yake haitoshi. Kuna dawa inaitwa samba, dawa ya kuvuta watu, na manju, yaani kiongozi wa ngoma, hakanyagi uwanjani bila kuwa nayo. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto. Kosa langu ni kwamba nilikwenda Dar es Salaam miaka miwili nikarudi nikidhani nimelisahau, na kwamba na wao wamelisahau.

Nikawaalika Wagika na Wagalu waje kucheza mbele ya duka. Manju wa Wagalu alikuwa Luhende, mwanamume mrefu, mtaratibu, mwenye sauti iliyokuwa inafika Kharumwa. Nilipanga uwanja kwa akili yangu ya darasani. Upande wa baraza nikatundika turubai, nikaweka pipa la maji ya kunywa na sinia za maandazi, na upande huo ndio walioangukia Wagika. Upande wa pili, alikocheza Luhende, kulikuwa na jua na vumbi. Saa nane umati ulikuwa wake wote. Saa tisa jua likawaka, watu wakaanza kusogea kwenye kivuli na maji, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na saa kumi Luhende alikuwa anacheza mbele ya mbwa na watoto wawili. Nilimwona akigeuka kutafuta watu wake wamekwenda wapi. Nikafurahi! Maandazi yalikwisha, sabuni ikaisha, chumvi ikabaki ya kupangusa. Watu wakapiga kelele, "Dipuloma! Dipuloma! Tuambie, umefanyaje?" Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikainua mikono, nikasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani zaidi ya sala yoyote.

"Mnaniuliza dawa yangu ya kuvuta watu? Dawa ninayo! Nimeisomea miaka miwili, nikapewa kwa mhuri, na iko humu ndani ya duka la Mama Holo!"

Kwa Kiswahili cha chuoni neno dawa ni njia ya kutatua jambo. Kila mwalimu wangu alilitumia hivyo. Pale uwanjani lilishuka kama jiwe kisimani. Kelele zilikatika. Niliona watu wa mbele wakirudi nyuma hatua moja, wakiutazama mlango wa duka, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Holo, ametoka jikoni muda huo huo, hajapata nafasi ya kujifuta macho.

Baada ya wiki mbili surua iliingia kijijini. Leo nafahamu, na hata siku zile mganga wa zahanati alisema, kwamba ugonjwa ule hupita penye msongamano, na msongamano ule niliukusanya mimi. Watoto wengi walipona. Binti wa Luhende hakupona. Alikuwa na umri wa kutambaa. Tulikwenda msibani, Mama Holo na mimi, tumebeba unga na mafuta, na wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakatupisha pana mno. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimfunika uso kwa kanga tulipopita. Mama Holo aliona. Alikaa muda unaotakiwa, akalia inavyotakiwa, na njiani wakati wa kurudi tukaufikia mti wa mwisho kabla ya duka. "Alimfunika uso yule mtoto," akasema. "Uliona?" Nikasema sikuona. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake.

Baada ya hapo duka likawa kimya kuliko lilivyokuwa kabla sijafika. Niseme wazi, kwa sababu nimezoea kusema mazuri yangu na hili nalo ni langu: niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena, na nimewahi kukaa mbele ya watu wakubwa. Nilikuwa nawashwa masikio. Nilisikia hatua hata pasipo na mtu. Kila asubuhi nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha Mama Holo macho kwa kitambaa safi, kisha nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua chupa. Bado mekundu. Nikamkataza kukaanga. Siku nne hakuingia jikoni, tukala viazi vilivyolala na maziwa mgando, na siku ya tano nikamgeuza kwenye mwanga, na bado yalikuwa mekundu. "Ng'wana wane," akaniambia, yaani mwanangu, "haya ni ya miaka thelathini. Huyatoi kwa wiki."

Nilisikia yote siku moja adhuhuri. Nilikuwa stoo nikipanga makopo matupu ili rafu zisionekane wazi, na wanaume wawili walisimama nyuma ya ukuta kukwepa jua. Sauti ya mmoja niliijua, ya pili sikuijua. Walizungumza bila haraka, kama watu wanaopanga kujenga.

"Yule binti ni mtoto tu. Atoe wapi samba?"

"Alisema anayo. Kwenye kalatasi."

"Kalatasi ni ya kudanganyia. Mwenye dawa ni kikongwe. Umeyaona macho?"

"Nimeyaona."

"Luhende anasemaje?"

"Luhende hasemi. Analia tu."

"Basi tungoje pamba ipimwe."

"Ndiyo. Ikishapimwa."

Wakaondoka. Nilibaki nimeshika kopo la mafuta ya kula, nikingoja hatua zao zipotee kabla ya kulitua. Kupimwa kwa pamba kulikuwa kumebakiza siku kumi na mbili. Kila mtu wa kule alijua maana ya maneno yale: wakishauza pamba ndipo wanapoweza kumlipa mtu wa kutoka mbali, asiyefahamika sura, mwenye panga.

Kesho yake lori la bidhaa lilipita kwenda Geita, nami nikapandisha sanduku langu. Sikumuaga. Nilijiambia nakwenda kutafuta msaada, polisi, padri, yeyote, lakini kama ningekuwa nakwenda kutafuta msaada ningeliacha sanduku. Nilikaa juu ya magunia, dereva akashuka kununua sigara, na kutoka kule juu nikaiona nyumba nzima: kibanda cha jiko, kamba ya nguo, na Mama Holo anafagia uwanja uliokuwa wa ngoma. Alifagia taratibu, akirudi kinyumenyume, mgongo wake kwenye barabara. Mtu yeyote angeweza kuja nyuma yake. Sijui ni kwa nini hilo ndilo lililonishusha. Nikateremsha sanduku, utingo akaniuliza kama nina wazimu, na nilipofika uani Mama Holo aliinua kichwa, akalitazama lile sanduku, akaendelea kufagia.

"Nilidhani umekwisha kufika Geita," akasema.

Nikamwambia yote niliyoyasikia. Alitua fagio, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikasema nitaitisha mkutano, nitawaeleza watu kwamba hakuna dawa, kwamba ilikuwa kivuli na maji na maandazi, nitawachorea hata kwa mkaa. Akatikisa kichwa.

"Ukisema haipo, watajua umeificha. Wewe mwenyewe ulisema ipo. Ulisimama kwenye kreti, Kabula, ukasema ipo humu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie kijijini kuniita jina langu. "Basi itoe."

"Niitoe wapi, mayu? Nijaze unga kwenye pembe?"

"Unga wataujua. Hawa si wajinga. Toa ile uliyoisema. Yenye mhuri."

Nilielewa, na niliumia vibaya. Ningependa kuandika kwamba nilikubali papo hapo. Nilikaa siku tatu. Nililifungua sanduku, nikaifungua kanga, nikaitazama. Hakuna mwingine ukoo mzima aliyekuwa na karatasi kama ile, wala sikuwa na kitu kingine chochote duniani. Wakati huo sikujua kwamba chuo hutoa nakala. Niliamini kabisa kwamba ikiungua, kusoma kwangu kumeungua. Mama Holo hakunisukuma. Siku ya tatu aliingia jikoni, akawasha moto, akakaanga maandazi kama kawaida, moshi ukatoka kwenye nyasi za paa, na kila alipokohoa mle ndani nilitazama barabarani. Nikachukua katoni na mkaa.

Hilo lilikuwa tamasha langu la mwisho pale. Nililitangaza kama mengine yote, kwa debe, mwanzo wa mstari hadi mwisho: kesho saa nne asubuhi, mbele ya duka, Dipuloma anatoa dawa yake, ichomwe hadharani, kila mtu aone. Nimeandaa shughuli nyingi maishani mwangu na sijawahi kupata umati kama ule. Walitoka vijiji ambavyo sikuvifikia na debe. Safari hii sikutundika turubai wala kuweka maji. Walisimama juani. Nilikuwa nimemwomba Mama Holo abaki ndani, akakataa, akaleta kigoda akakaa barazani, mikono magotini, macho yake yale yale mbele ya kila mtu.

Nikaifungua kanga. Walipoiona lakiri wakaguna wote kwa pamoja.

"Hii hapa," nikasema. "Dawa ni yangu. Niliichukua Dar es Salaam kwa ajili yangu mwenyewe, nikajisifia nayo. Mama Holo hakuijua, hajaishika, hajaila. Nililala nayo chumbani kwangu. Aliye na neno aseme na mimi."

"Umemuulia Luhende mtoto!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma.

Nilisema, "Niliwakusanya mimi," na hilo ni kweli kwa maana zote mbili. Kisha nikamtafuta Luhende. Alikuwa amesimama pembeni, amenyoa kichwa cha msiba, amekonda. Nikamwendea na kiberiti, nikampa njiti moja. "Baba, washa wewe," nikamwambia. Mtu mwingine angedhani ni desturi ya kale. Ilikuwa ile ile ya mashindano yetu, sikuwa na nyingine. Lakini wanawake waliiona ile njiti moja wakaielewa kwa namna yao: ikizimika, dawa imekataa. Upepo ulikuwepo. Luhende alichuchumaa, akaizingira kwa viganja vyake virefu, akawasha, na mwali ukasimama. Akausogeza kwenye kona ya karatasi. Jina langu liliungua kabla ya jina la chuo. Lakiri ilichelewa, ikavimba, ikatiririka nyekundu mchangani, na watu waliokuwa mbele wakapiga yowe wakakimbia, wengine wakaanguka. Luhende hakukimbia. Aliitazama mpaka ikawa nyeusi. Kisha akasimama, akamgeukia Mama Holo kwenye kigoda chake, akamwangalia kwa muda mrefu sana, nami nikaomba kwa kila jina ninalolijua.

"Mwadila, mayu," akasema. Ni salamu tu ya mchana.

"Mwadila, baba," Mama Holo akamjibu.

Basi. Kwa salamu ile kila mtu alijua kwamba mwenye kilio amemwacha. Lakini mimi hawakuniacha. Mwenyekiti wa kijiji alinisogelea akaniambia kwa upole, akitazama viatu vyake, kwamba itakuwa vizuri nisiwepo kabla ya pamba kupimwa, na kwamba nisirudi. Siku iliyofuata niliondoka na lori lile lile, utingo yule yule, sanduku likiwa jepesi. Mama Holo alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye karatasi ya sukari. Geita nikauza vitambaa barabarani, Mwanza nikapanga meza, na mengine mnayajua kwa sababu nimeyasimulia mara nyingi, pengine mara nyingi mno. Yeye nilimtumia salamu na bidhaa kila mwaka. Kwenda sikwenda. Watu hudhani nilikuwa na shughuli.

Safari hii nililala njiani, Ngokolo, na saa sita mchana, kama alivyoniambia Holo, gari langu likasimama mbele ya nyumba ya mwisho. Siyo ya mwisho tena, mji umeipita. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, chini ya maturubai mawili ya kukodi, na kwa muda nilishindwa kufungua mlango. Miaka yote ile Mama Holo alikaa pale pale, akakaanga maandazi, akafa kitandani kwake, mzee, ameshiba siku. Hilo nililifanya mimi. Nalisema kwa kujivuna, na nitalisema tena.

Luhende alikuwa amewekewa kiti karibu na mlango. Amekuwa mdogo, na sauti ile kubwa imebaki mnong'ono. Nikampigia magoti, "Shikamoo, baba." Akanishika mkono, hakuuachia.

"Marahaba. Dipuloma." Akanivuta karibu. "Ile dawa. Uliichoma yote?"

Nina nakala. Iko kwenye fremu ya kioo, ina lakiri mpya, na ulimi wangu ulikuwa tayari kuijibu kwa mzaha, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo, penye watu naona hadhira. Kisha Holo akatoka jikoni amebeba sinia ya maandazi. Ni kibanda kile kile, wamekibadilisha paa tu. Holo ni mjane sasa, anaishi hapo peke yake, na macho aliyonitazama nayo yalikuwa mekundu kama ya mama yake.

"Yote, baba," nikasema. "Wewe ndiye uliyewasha."

Mzee akayatembeza macho yake juu ya umati, taratibu, kutoka turubai hadi turubai. "Mbona watu ni wengi hivi?"

"Wamekuja kumzika," nikamjibu.

Vijana wawili waliokuwa wamekaa miguuni pake walikuwa wamesikia, na mmoja aligeuza kichwa akamfuata Holo kwa macho mpaka aliporudi jikoni. Nikasimama, nikavua saa na koti, nikaingia kwenye kibanda kile, nikamwambia Holo atoke akakae na wageni. Akasema nitaharibu nguo. Nikamwambia anipe kijiko. Kuni zilikuwa mbichi. Nilikaanga unga wote uliokuwa kwenye beseni, nimeinama juu ya moshi, sijifuti, mpaka nikawa sioni mafuta, kisha nikabeba sinia nikatoka nayo mchana kweupe, nikapita mbele ya Luhende, mbele ya wale vijana, mbele ya kila mtu, nikawagawia mmoja mmoja, nikihakikisha kila anayepokea anayaona macho yangu mekundu.